Watu wa Kinanda

Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Nimekuficha jambo tangu ulipokuwa mtoto. Kinanda, ambaye ulikua ukimwita kaka, na ambaye mwezi uliopita tulimlaza mama yako kando yake, hakuwa mtoto wa binamu yangu kama tulivyokuambia. Hakuwa na tone la damu yetu.

Unaniuliza mama yako alikuwa na maana gani aliposhika kifundo cha mkono wako pale hospitalini na kusema, "Mrudisheni mtoto kwao." Siku ya mazishi nilikujibu kwamba ni homa iliyokuwa inasema. Homa ilikuwepo, lakini maneno yalikuwa yake.

Kinanda alikuwa mwanafunzi wangu. Unaikumbuka shule ya viziwi: nyumba yetu upande wa lango, mabweni upande wa pili, na ua wa kufulia katikati. Mtu mmoja mwenye mkokoteni wa punda uliojaa vyungu alimteremsha langoni asubuhi moja, mtoto wa miaka mitano hivi, na furushi la nguo kwapani. Akasema ametumwa kumleta afundishwe, akaenda zake. Nilimpima kama nilivyowapima wote. Nikapiga kengele nyuma ya kisogo chake, na akageuka. Sikio la kushoto lilikuwa limebaki na usikivu kidogo. Katika kazi yangu mtoto wa namna hiyo alikuwa adimu, maana angeweza kufundishwa kusema kwa mdomo. Nikamhamishia nyumbani kwetu ili asikie watu wakizungumza mezani. Mpishi wa shule ndiye aliyempa jina la Kinanda, kwa sababu alikuwa akilaza shavu juu ya meza na kuvuma ili asikie mbao zikitetemeka.

Likizo ilipofika wenzake walichukuliwa. Yeye hakuja mtu kumchukua. Mama yako alikuwa amezika watoto wawili wa kiume kabla yako; unaweza kukisia yaliyofuata. Majirani tuliwaambia ni mtoto wa binamu, na wewe tukakuambia hivyohivyo. Halafu mvua zile za mwaka mbaya zikaja na homa ya uti wa mgongo, ikamchukua, tukamzika kwa jina la ukoo wetu.

Ndiyo hayo. Watu wake siwajui, na hawakuja kamwe. Daktari akisikiliza kifua changu siku hizi huangalia dirishani, nami nimeelewa. Usijichoshe na jambo lisilo na mwisho.

Baba yako


Nyumba ya wageni, 19 Februari

Baba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya sanduku la mawe yangu ya mizani, nyuma ya ghala la nafaka, maana chumba nilichopewa hakina kiti. Nimeisoma tena chakula cha mchana. Sijui nikukasirikie au nikuhurumie, basi nimeamua nifanye yote mawili kwa zamu.

Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu nilikuwa na kaka. Mume wangu anajua nilikuwa na kaka. Watoto wangu wana mjomba marehemu. Leo unaniambia aliteremshwa kwenye mkokoteni pamoja na vyungu.

Sikulaumu kwa kumpenda. Nauliza tu kwa nini hukuwatafuta watu wake, angalau baada ya kumzika. Ndicho alichokuwa anakisema Mama.

Nina jambo la kukukumbusha. Mezani ulikuwa unatufanya tukalie viganja vyetu, mimi na yeye, ili asipate nafasi ya kusema kwa mikono. Mimi nilikuwa nasikia vizuri kabisa na bado nikakalia viganja. Lakini nyuma ya kamba za kufulia Kinanda alinifundisha ishara zake, nazo hazikuwa zile ambazo watoto wa bwenini walikuwa wakizifanya kwa kujificha. Hata wao hawakuzielewa, walikuwa wakimcheka. Ipo moja siisahau. Anapitisha mgongo wa vidole shavuni kuteremka, kisha anaweka vidole viwili juu ya mtulinga. Hiyo ni mama. Alikuwa akisimama langoni kila likizo inapoanza na kuifanya, na wewe unatoka ofisini, unamkunja vidole taratibu, unamrudisha ndani. Mimi nilidhani anamwita mama yetu. Nikawa nakwenda kumwita Mama jikoni, naye anakuja mbio, anamkumbatia. Kumbe tulikuwa tunamletea mama siye.

Kama ishara zile hazikutoka shuleni, basi zilitoka kwao. Na kama ni hivyo, huenda bado zipo mikononi mwa watu. Mwezi ujao nina ukaguzi katika mji wenye mtaa wa wafinyanzi. Vyungu vingi vya sehemu zile hutoka huko. Wafanyabiashara wakiniona wananong'ona, "Mama Mizani kaja," na kila mtu anafuta vumbi kwenye mizani yake. Safari hii watashangaa, maana nitakuwa natazama mikono yao.

Kunywa dawa. Usimsumbue muuguzi.

Mwanao


Nyumbani, 2 Machi

Mwanangu,

Usiende. Au nenda ukague mizani yako, urudi.

Wewe si mtu wa fani ile, kwa hiyo nikueleze. Kila mtoto kiziwi hubuni ishara. Hii ya chakula, hii ya kulala, hii ya mama. Ukienda popote utakuta mwanamke amepitisha mkono shavuni, na utalia bure. Ishara si ukoo.

Unakumbuka viganja kwa uchungu. Wakati ule hakuna aliyetufundisha njia nyingine. Vitabu vyote tulivyosomeshwa vilisema mikono ikiachwa huru mdomo hulala, na mimi niliamini, nikawafundisha walimu wengine waamini. Sasa nasikia wanafundisha kwa mikono mashuleni na watoto wanapata digrii. Sawa. Lakini wewe hukuwahi kuona sura za wageni siku Kinanda aliposimama mbele yao na kutamka jina lake, jina langu na siku ya wiki. Mzee mmoja wa bodi alitoa leso. Kwa sababu ya mtoto yule bweni la wasichana lilipata paa. Ilinichukua miaka kumfikisha pale, sauti moja baada ya nyingine, mkono wake kooni kwangu na wangu kooni kwake. Niambie, angerudi kwenye nyumba isiyo na mdomo hata mmoja unaosema, kwa mama asiyesikia hata mlango ukibamizwa, nini kingebaki? Mwezi mmoja tu na kila kitu kingefutika.

Nimechoka. Mkono unakataa. Achana na hayo, mwanangu, wacha wafu wapumzike pamoja, mama yako na yeye.

Baba yako

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:)

Dada, ni mimi muuguzi. Mzee kanipa barua niipeleke posta, naongeza mstari bila ruhusa yake. Dawa anakunywa nusu, nusu anaificha chini ya mto akidhani mimi ni kipofu. Barua yako anaisoma kwa lenzi na kubishana nayo kwa sauti. Kingine ni vidole vyake: akikaa peke yake vinacheza vyenyewe, vinapanda na kushuka. Niliogopa ni mshipa wa kichwa, lakini daktari kampima, anasema hapana. Ukiweza njoo mapema.


Nyumba ya wageni, mtaa wa wafinyanzi, 23 Machi

Baba, shikamoo.

Kwanza nikuulize. Katika barua ya kwanza ulisema mtoto aliteremshwa na mwenye mkokoteni na watu wake hukuwajua. Katika ya pili umeandika kwamba mama yake alikuwa hasikii hata mlango ukibamizwa. Ulijuaje? Nimeliwaza swali hilo njia nzima, nikajibu mwenyewe kwamba labda mtu wa mkokoteni alikuambia. Nimeamua kuliacha hapo, kwa sababu nilichokikuta huku kimeniongoza mahali pengine kabisa.

Nimewapata watu wa ishara zile, Baba. Wala haikunichukua muda. Mtaa wenyewe ni njia moja ya matope makavu kati ya matanuri, kila ua una vyungu vimepangwa juani mpaka ukutani, na watu wanatembea kwa ncha za miguu wasivikanyage. Nilikuwa napima mizani ya muuza mkaa nikaona msichana ng'ambo amenyanyua mkono wenye udongo, akapitisha mgongo wa vidole shavuni, akaweka vidole viwili juu ya mtulinga. Shavu likabaki na mstari wa udongo. Mwanamke mzima akageuka na kumwendea. Nilikaa chini pale pale. Muuza mkaa akadhani amefungiwa duka.

Ni nyumba moja kubwa. Viziwi wapo katika kila kizazi, na wanaosikia nao wanasema kwa mikono tangu wakiwa wachanga, hata wakigombana. Nilikaribishwa na binti anayesikia, ambaye ndiye aliyenitafsiria. Alinipeleka kwa shangazi yake, bibi mwembamba, kiziwi, ambaye bado anafinyanga. Huyu bibi alikuwa na mtoto wa kiume, alimpeleka shule ya viziwi mbali na huku, kwa mkokoteni wa mdogo wake. Nilimwonyesha ishara zote nilizofundishwa nyuma ya kamba za kufulia. Akanisahihisha moja, kidole kilikuwa kimekaa vibaya.

Nao wana kitu sijapata kukiona. Akizaliwa mtoto, mkubwa wa nyumba humpakata na kumtajia watu wake wote kwa mikono, kuanzia bibi wa kwanza wanayemjua, ambaye alama yake ni mpini wa jagi. Anafuata mwanawe aliyekuwa na kovu kwenye nyusi, halafu mwenye kicheko, halafu mwenye kuchechemea, na kuendelea, kila mtu na alama yake, mpaka wanamfikia mtoto mwenyewe. Watoto wanaijua orodha hiyo kwa moyo kabla ya kujua kuvaa viatu. Bibi alinitajia. Alipofika kwa mwanawe mkono ulisimama hewani, haukushuka. Binti akaniambia, "Hapo huwa tunaacha. Hatujui alipolazwa, kwa hiyo hatuwezi kumshusha."

Sasa sikiliza kilichonivunja nguvu. Nilimuuliza mtoto alikufa lini. Akasema alikwenda mwenyewe shuleni kumchukua, akaambiwa amekufa kwa homa. Akiwa njiani kurudi alipita soko kuu lililokuwa limeungua, majivu yakiwa bado ya moto. Baba, mwaka soko lilipoungua Kinanda alikuwa mzima. Ulitupeleka sote wawili kuyatazama majivu yalipokwisha poa. Aliokota jiwe la mizani lililoyeyuka upande mmoja, akanipa, na mpaka leo nikiulizwa kwa nini nilichagua kazi hii huwa nalitaja hilo. Homa ilimpata mwaka uliofuata, kwenye mvua.

Nikamuuliza nani alimwambia habari ile. Binti akatafsiri: "Mwalimu mkuu mwenyewe. Alimwambia kwa mikono, kwa ishara zetu za hapa nyumbani, wala hakukosea hata moja."

Hapo nikajua nimepotea. Nikamwambia, "Bibi, mwalimu mkuu ni baba yangu, na baba yangu hakuwahi kusema kwa mikono hata siku moja. Alikuwa anatukalisha juu ya viganja." Binti akamtafsiria. Kisha akacheka kidogo, akasema huenda zilikuwa shule mbili. Huenda kweli. Au ulikuwa na watoto wawili kutoka nyumba ile, mmoja akafa kabla, nawe ukasahau. Nimemwomba radhi kwa kutonesha kidonda chake. Alinipa jagi dogo, nikakataa, akalitia mwenyewe kwenye mkoba wangu.

Aliomba kitu kimoja tu. Kama baba yangu anawafahamu walimu wa shule nyingine za wakati ule, awaulize mtoto wake amezikwa wapi. Anasema hataki tena kujua chochote kingine.

Basi nitaanza upya. Lazima kuna tawi jingine la ukoo huu, mji mwingine, na huko ndiko wanakomngoja Kinanda. Nikimaliza ukaguzi hapa nitaulizia. Ila niandikie, Baba: walikuwa wawili?

Mwanao


Nyumbani, 1 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ilinifungulia mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi kabisa. Ningekuandikia, "Ndiyo, walikuwa wawili," ungeniamini, ungeendelea kumtafuta Kinanda miji mingine mpaka nimekufa mimi na amekufa yule bibi. Niliandika hivyo. Muuguzi alikuwa tayari amelamba bahasha. Nikamwambia anirudishie, akaninunia, akanirudishia. Ameniambia mate yake si gundi ya serikali.

Hakukuwa na mtoto wa pili. Hakuna tawi jingine. Umeshafika kwao.

Huyo bibi ni mama yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwacha kwangu, hakuteremshwa na mwenye mkokoteni. Mdogo wake alikuwa anashika punda tu. Mama alinionyesha jinsi mtoto anavyopenda kulala, kwa ubavu wa kushoto. Alikuwa anakuja kumchukua kila likizo, wewe ukiwa bado mdogo mno kukumbuka, na kila alipomrudisha nilimkuta mtoto amepoteza nusu ya sauti nilizompa. Mwaka uleule wa moto wa sokoni mito ilifurika, hakuweza kuja, mtoto akabaki kwetu likizo nzima. Ndipo alipotamka sentensi yake ya kwanza. Mama yako alilia jikoni. Wageni wa bodi walikuwa wanakuja baada ya muda mfupi. Nikaanza kufikiri kwamba nikimpa tena nitakuwa namzika nikiwa namwona.

Kuhusu mikono, bibi amekuambia kweli. Nilimfahamu Kinanda kwa miaka, mwanangu, na mtu hawezi kukunja vidole vya mtoto kila siku bila kusoma vilichokuwa vinasema. Nilizijua zote. Sikuwahi kumjibu kwa mikono hata mara moja. Nilizitumia siku moja tu.

Mama yake alikuja maji yalipopungua, miguu imevimba. Wewe na mama yako mlikuwa mmekwenda kutembelea wagonjwa. Nikamkalisha ofisini. Akaniuliza kwa mikono mwanawe yuko wapi, taratibu, kama mtu anayezungumza na mjinga, kwa kuwa alidhani sielewi. Nami nikamwelewa, nikamjibu. Ishara yao ya kufa ni kiganja kufunika kiganja, kisha vyote viwili kushuka polepole, kama mtu anayeweka chini chungu kibichi. Niliifanya vizuri. Nadhani aliniamini kwa sababu ile, kwamba mtu aliyejifunza lugha yake hawezi kumdanganya kwayo. Akauliza kaburi. Nikageuza uso dirishani, ili nisione mikono yake. Ukiacha kumtazama kiziwi unakuwa umemfunga mdomo. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote, ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Mama yako nilimwambia jioni ile. Hakuniambia kitu. Kimya chake chote ulichokiona ukikua, ulichodhani ni tabia yake, kilianza jioni ile. Mwaka uliofuata, wakati Kinanda alipokufa kweli, alitaka tupeleke habari kwao. Nikamwambia wameshaomboleza, tutawaombolezeshaje tena.

Sasa jambo ambalo sikulijua mpaka uliponiandikia. Siku za mwisho za Kinanda, homa ikiwa imempanda, alikuwa hasemi tena kwa mdomo. Sauti zote nilizompa zilimtoka. Mikono ilibaki. Alikuwa anafanya ishara mfululizo, zilezile, kwa mpango uleule, akifika mwisho anaanza tena. Kulikuwa na kitu kama mpini wa jagi. Kulikuwa na kidole juu ya nyusi. Hizo peke yake sikuzielewa, nikadhani anaweweseka. Mama yako alitaka kumshika mikono atulie, nami nikasema mwache. Ni jambo jema moja nililomfanyia, na nililifanya bila kujua. Alikuwa anawataja watu wake. Waambie aliwafikisha wote mpaka kwake.

Mchukue bibi umpeleke makaburini. Ni safu ya ukuta wa mashariki, wa kwanza kutoka bombani, kushoto kwa mama yako. Jina la ukoo wetu lifutwe kwenye jiwe. Akitaka kumhamishia kwao mpe, na mtu yeyote wa ukoo akipinga mwonyeshe barua hii. Usimwombee radhi kwa niaba yangu. Nikiwa bado napumua, na akikubali, nitamwambia mwenyewe. Vidole havijasahau, muuguzi alidhani ni mshipa.

Ningeweza kuishia hapa na ungekuwa umeshajua vya kutosha kunichukia au kunisamehe. Lakini umewahi kuniuliza, ulipokuwa msichana, kwa nini nilihama ile ofisi na kuigeuza stoo. Nilikujibu ina unyevu.

Ofisi na darasa la kutamka zilitenganishwa na ukuta wa mbao. Wakati wote ule, tangu mama yake aliponyanyua mkono wa kwanza mpaka alipoinuka kuondoka, Kinanda alikuwa upande wa pili, peke yake, akisoma kwa sauti maneno niliyompangia asubuhi. Aliyasoma vizuri kuliko siku zote, neno baada ya neno, hakuruka hata moja. Mimi nilimsikia. Mama yake alikuwa amekaa karibu na ukuta ule kuliko mimi.

Baba yako